Mji Tumekupa, Jibu Liko Wapi?

Kama ulipitia shule ya upili hapa Kenya, kuna swali ambalo hata ukiamshwa usiku wa manane unaweza kulijibu: jadili ufaafu wa anwani ya riwaya hii. Tulikariri majibu yake kama sala. Anwani inafaa kwa sababu hii, tena inafaa kwa sababu ile, taja mhusika, toa mfano, hitimisha. Sikumbuki mwanafunzi yeyote aliyethubutu kuandika kwamba anwani haifai. Nani angehatarisha alama zake?

Lakini swali lenyewe ni zuri kuliko tulivyolichukulia. Linauliza kama jina lililo juu linaendana na kilicho chini yake, na kama mwandishi ametimiza alichoahidi. Tulilizika mapema mno, siku ile tulipotoka kwenye chumba cha mtihani. Mahali linapohitajika zaidi sasa ni kwenye simu, ambako tunasoma anwani chungu nzima kila siku na kufungua chache tu.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikihifadhi vichwa vya habari vya Kiswahili vinavyonijia mtandaoni: vya siasa, vya wasanii, vya mapenzi, vya mauaji. Nilitaka kuvisoma jinsi tulivyofunzwa kusoma anwani za riwaya, kwa makini, neno kwa neno. Sitataja tovuti, maana si tovuti moja, na vichwa vya mfano nitakavyovitoa hapa nimevitunga mwenyewe kwa kufuata mitindo niliyoiona. Ukiona kimoja kinafanana na ulichosoma jana, basi ujue tu kwamba mtindo umeenea.

Tuanze na anwani iliyofaulu. Ken Walibora, ambaye pia alikuwa mwanahabari, aliiita riwaya yake *Kidagaa Kimemwozea*. Hebu itazame hiyo "-mw-" ndani ya kitenzi. Kidagaa kimemwozea nani? Anwani haisemi. Imemficha mtu ndani ya silabi moja, na wewe unafungua ukurasa wa kwanza ukiwa na deni la kudai. Riwaya inalilipa. Mtemi Nasaba Bora, mtawala wa Sokomoko, anaharibikiwa mbele ya macho yetu. Ukidhani umemaliza, unakumbuka kwamba nduguye, Mwalimu Majisifu, aliiba mswada wa Amani akauchapisha kwa jina lake, na kwamba yeye pia ana kidagaa chake. "-mw-" iliyoonekana kuwa ya mtu mmoja inageuka kuwa ya wengi. Ulidai jibu moja, ukapewa zaidi.

Sasa soma hiki: *Alichomfanyia mkewe baada ya kupata kazi kitakushangaza.*

Neno la kwanza peke yake ni mashine. "A-" ni mtu fulani. "-li-" ni jambo lililokwisha kutokea, kwa hivyo umechelewa, wenzako wanajua tayari. "-cho-" ni kitu ambacho hakijatajwa. "-m-" ni mtu mwingine. "-fanyi-" ni tendo pana kuliko yote, linaloweza kuwa kumnunulia gari au kumfungia nje usiku. Mtenda, mtendwa, kitendo na matokeo, vyote viko ndani ya neno moja na hakuna hata kimoja ulichokijua. Kiingereza kingehitaji maneno kadhaa kuficha hayo yote, na kingelazimika kukuambia kama aliyetenda ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakilazimiki. Ngeli ya A-WA inamfunika kila mtu kwa shuka moja.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema vichwa vya chambo ni ugonjwa wa Kiingereza uliotafsiriwa. Mbegu huenda ilitoka nje, ila udongo wetu una rutuba ya ajabu. Lugha yetu ina viambishi ambavyo vinaweza kumtaja mtu bila kumtaja. Walibora alivitumia kutufanya tusome riwaya nzima. Mhariri wa tovuti anavitumia kutufanya tubofye, halafu tunashuka, tunashuka, tunapita tangazo la kamari, tunapita tangazo la mkopo, na kwenye aya ya tisa tunakuta kwamba jamaa alimnunulia mkewe simu. Simu, bana.

Silaha ni ileile. Aliyelipa deni ni mmoja.

Gazeti la karatasi nalo lilikuwa na sarufi yake. *Gavana kikaangoni. Wabunge wakataa mswada. Pasta afumaniwa.* Hicho kitenzi chenye "-a-" peke yake hakuna anayekitumia mtaani. Mama hawezi kukuambia "baba yako arudi" akimaanisha kwamba amerudi. Ni lugha iliyozaliwa na wembamba wa safu: mhariri alikuwa na nafasi ya maneno matatu au manne, herufi kubwa, basi. Hiyo "-ni" ya mahali ilisaidia pia. Motoni, mashakani, taabani, mbioni, kikaangoni. Neno moja linakuonyesha mtu na mahali alipokwama.

Vichwa hivyo vilitia chumvi, sikatai. Gavana wa "kikaangoni" mara nyingi alikuwa ameulizwa maswali mawili na kamati ya Seneti, akaenda zake kula chamcha. Lakini angalau ulijua ni gavana. Ukipita pale Tom Mboya asubuhi, utawaona wasee wamemzunguka muuza magazeti, mikono nyuma, wanasoma kurasa za mbele bila kununua. Kichwa cha karatasi kilijua watu hao wapo. Kilibidi kiwape kitu wote, hata asiye na hela, halafu kimwachie mwenye hela hamu ya kujua zaidi.

Mfano ninaoupenda ni Dondoo za *Taifa Leo*, vile visa vifupi vya kalameni, vipusa, mapolo na mabuda wanaoaibishana kwenye ploti na mazishini. Kichwa cha Dondoo mara nyingi kinakumwagia kisa chote. Nani, alifanya nini, akapatwa na nini. Unajua mwisho kabla ya kuanza, na bado unasoma, kwa sababu raha iko kwenye masimulizi: jirani alisema nini, mama mkwe alishika nini mkononi, polo alitoroka kwa mlango upi. Mwandishi wa Dondoo haogopi kutoa siri kwa sababu ana kitu kingine cha kukupa.

Mtandaoni hakuna safu nyembamba. Kuna orodha ndefu isiyo na mwisho, na ndani yake habari inashindana na picha za harusi ya binamu yako, matokeo ya Arsenal na mtu anayecheza densi na mbuzi. Tovuti nyingi zinakula kutokana na matangazo, na matangazo yanalipa kwa macho. Ukurasa usiofunguliwa haumlishi mtu. Ninawaelewa vijana wanaokaa kwenye zile meza, wanaotakiwa kutoa habari kadhaa kabla ya saa sita, bosi akiwa amefungua skrini ya takwimu nyuma ya migongo yao. Si watu wabaya. Wengi wao ni wasomaji wa majarida kama hili.

Tena kazi yao ina sayansi nyuma yake. Mwaka wa 1994, msomi wa Marekani George Loewenstein aliandika kwamba udadisi huzaliwa pale mtu anapotambua pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Pengo hilo huwasha, na mtu atafanya bidii kujikuna. Mwaka wa 2012 ikaanzishwa tovuti ya Upworthy, huko huko Marekani, ikajulikana kwa kanuni ya kuandika vichwa 25 kwa kila habari. Vichwa vilijaribiwa kwa wasomaji halisi, kimoja dhidi ya kingine, na kilichobofywa zaidi kikabaki. Dunia nzima ikaiga. Kufikia Agosti 2014, Facebook ilikuwa ikitangaza hatua za kupunguza vichwa vya chambo kwa sababu watu walikuwa wakilalamika, ingawa walikuwa wakibofya.

Majaribio hayo ya Upworthy yalikuja kuchambuliwa na watafiti, na matokeo yakatoka mwaka wa 2023 katika jarida la *Nature Human Behaviour*. Walipima vichwa zaidi ya 105,000. Kwa kichwa cha urefu wa kawaida, kila neno hasi lililoongezwa lilipandisha kiwango cha kubofya kwa asilimia 2.3. Maneno ya furaha yalikishusha. Sasa unajua kwa nini kila asubuhi mtu fulani "amelia", "ameaibika" au "amejuta". Asilimia 2.3 ni kidogo ukiiangalia kwa habari moja. Izidishe kwa kila kichwa, kila siku, kwa miaka, na utapata nchi ambayo ikifungua simu inaona huzuni tu.

Hata hivyo, pengo lenyewe si dhambi. Babu na nyanya zetu walilijua kabla ya Loewenstein kuzaliwa. Waliliita kitendawili.

Kumbuka utaratibu. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Watu wanajaribu: kaburi? chungu? Wakishindwa, mtegaji anasema, "Nipeni mji." Wanampa mji, tuseme Mombasa. Anaupokea, anaringa kidogo, eti alienda Mombasa akalakiwa, akala, akanywa, halafu anasema: yai. Na kila mtu anaguna kwa sababu ni kweli, yai ni nyumba na halina mlango, na jibu lilikuwa mbele yetu muda wote.

Mchezo huo una masharti matatu ambayo hayakuandikwa popote na hakuna mtoto asiyeyajua. Kwanza, mtegaji analo jibu kabla ya kufungua kinywa. Pili, maneno ya fumbo yanakielezea kitu chenyewe kwa haki. Ukishapewa jibu unaweza kurudi nyuma na kuliona lilivyofichwa. Tatu, na hili ndilo zito, ukishapewa mji lazima ulipe. Mtoto akipewa Mombasa halafu acheke na kukimbia bila kutoa jibu, kesho hakuna atakayemjibu "tega".

Kichwa cha chambo kinavunja yote matatu. Mara nyingi jibu halipo: makala inamalizika kwa "mashabiki wanasubiri kuona". Maneno hayakielezei kitu: yale ya "kitakushangaza" yanaweza kuwekwa juu ya habari yoyote, ya ndoa, ya ng'ombe, ya Bunge, na yakae vilevile. Na mji tumeutoa. Mji wetu ni bando la mbao ulilonunua asubuhi ukitarajia likufikishe jioni, likaliwa na video ya tangazo iliyoanza kucheza bila kuulizwa. Mji wetu ni dakika nne kwenye matatu. Mji wetu ni ile imani kwamba Kiswahili kikiandikwa hadharani kinasema jambo.

Hiyo ya mwisho inaniuma zaidi. Kijana wa Nairobi ana habari za Kiingereza za kila aina, nzuri na mbovu, anachagua. Za Kiswahili ni chache. Kama mara tano mfululizo amefungua habari ya Kiswahili akapata hewa, hataamua kwamba tovuti ile ni mbovu. Ataamua kwamba Kiswahili ni lugha ya udaku, na mambo mazito yasomwe kwingine.

Kabla hujanipigia makofi, kuna kosa la pili, na hili ni letu sisi watu wa fasihi na wenzetu wa ofisi za serikali. Ni kichwa kinachoficha kwa kuchosha. *Wadau wakutana kujadili mikakati ya utekelezaji.* Wadau gani? Mikakati ya nini? *Tafakuri kuhusu mustakabali wa tamthilia.* Ndugu yangu, nani atabofya tafakuri? Kichwa kama hiki nacho kinamnyima msomaji habari, tofauti ni kwamba hakimwombi hata mji. Kinafunga mlango na kumlaumu mpita njia kwa kutoingia. Ukikipima kwa swali letu la Kidato cha Nne, kinafeli sawasawa na chambo: jina haliendani na kilicho chini yake, kwa sababu huenda chini yake kuna jambo la moto kabisa.

Mswada wa Fedha wa 2024 ni mfano ulio hai. Jina hilo ni la kulaza mtu. Kila mwaka kuna mswada wa fedha, na miaka mingi umepita watu wakipiga miayo. Lakini mle ndani mlikuwa na pendekezo la kutoza mkate VAT ya asilimia 16. Mlikuwa na ushuru wa magari wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana waliusoma, wakautoa kwenye lugha ya mawakili na kuuweka kwenye lugha ya dukani, na ghafla anwani ikabadilika. Haukuwa tena "Mswada wa Fedha". Ulikuwa "mkate". Tarehe 18 Juni wabunge wa upande wa serikali walitangaza kwamba ushuru wa mkate umeondolewa, na tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bungeni. Sidai kwamba kichwa cha habari ndicho kilichowatoa watu nyumbani. Hasira ile ilikuwa na mizizi mirefu na damu iliyomwagika siku ile si hadithi ya uhariri. Ninadai jambo dogo zaidi. *Mkate kutozwa ushuru wa asilimia 16* ni maneno matano na tarakimu moja, hayana "kitakushangaza" ndani yake, na hakuna aliyehitaji kushawishiwa kubofya. Ukweli ukiwekwa kwa jina lake la kila siku una mvuto ambao chambo hakiupati.

Mpaka hapa gharama niliyoitaja ni ya bando na dakika. Kuna vichwa ambavyo gharama yake inalipwa na mtu ambaye hata hawezi kubofya.

Januari 2024 taarifa za wanawake waliouawa zilifuatana kwa kasi, na tarehe 27 mwezi huo maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine kudai mauaji hayo yakome. Katika siku hizo nilisoma vichwa vingi kuliko nilivyotaka, na neno moja lilirudi kama nzi: mrembo. *Mrembo apatikana amefariki katika chumba cha kukodi. Mrembo aliyeenda kumwona mpenziwe akumbana na haya.* Nimevitunga, ndiyo, lakini unavijua.

Chukua neno "mrembo" kwanza. Limewekwa pale kwa kazi gani? Halikusaidii kujua ni nani aliyekufa. Halikuambii umri, kazi, wala alikotoka. Kazi yake ni kukufanya utake kuona picha. Kabla hujamlilia marehemu, umealikwa kumkagua. Wanaume wanaouawa hawaitwi watanashati na magazeti.

Halafu tazama kitenzi. "Apatikana." "Auawa." Kauli ya kutendwa katika Kiswahili ina nafasi ya mtenda, nayo hukaa baada ya "na": auawa na fulani. Ukiikata hiyo "na", kifo kinabaki kama mvua, kimenyesha tu. Hakuna aliyekinyesha. Wakati huohuo kirejeshi kinabandikwa kwa mwanamke: *aliyeenda*, *aliyekutana naye mtandaoni*, *aliyetoka usiku*. Sarufi imefanya uamuzi. Vitendo vyote kwenye kichwa ni vya aliyeuawa. Aliyeua hana hata kitenzi kimoja. Msomaji anamaliza mstari akiwa na swali moja tu kichwani: alienda kufanya nini huko? Na ukishuka kwenye maoni, ndilo swali utakalolikuta.

Wenzangu wa vyumba vya habari watanijibu, na wana hoja. Huwezi kumwita mtu muuaji kabla mahakama haijasema. Kweli kabisa. Lakini Kiswahili hakijakosa maneno. Kuna mshukiwa. Kuna kuzuiliwa, kusakwa, kufikishwa mahakamani. *Mwanamke wa miaka 24 auawa Nairobi, polisi wamzuilia mpenziwe.* Hakuna aliyehukumiwa hapo, na msomaji anajua mauaji yametokea, anajua yuko mtu anayeulizwa. Kama hakuna aliyekamatwa: *Polisi wamsaka mwanamume baada ya mauaji ya mwanafunzi.* Swali linalobaki ni la haki: watampata? Huo ndio udadisi unaofaa kuachiwa umma, maana ukiendelea kuuliza hivyo kwa wiki tatu, mtu ofisini atalazimika kujibu.

Maiti si kitendawili. Tukimgeuza aliyeuawa kuwa "-cho-" na "haya" na "kilichofuata", tunamwomba mamake atupe mji ndipo tumwambie kilichompata bintiye. Nyanya zetu walitega vitendawili kuhusu yai, kivuli na moshi. Msiba ulipokuwa kwa jirani, mchezo ulikoma.

Basi kichwa kizuri ni kipi? Mimi nimejiwekea maswali matatu, yote yanatoka kwenye lile swali la mtihani, na ninayatumia nikisoma na nikiandika.

La kwanza: jibu likitajwa juu, je, makala bado ina kitu? Darasa letu zima lilijua kidagaa kilimwozea nani kabla ya kufika sura ya tatu, maana wanafunzi waliotutangulia walikuwa wametuambia, na bado tulisoma. Dondoo inakuambia mwisho kwenye kichwa na bado unacheka. Kama habari nzima inakufa mara tu unaposema "alimnunulia simu", basi hakukuwa na habari. Kulikuwa na simu tu.

La pili: je, kuna pengo, na linazibwa na makala yenyewe? Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei mpya za mafuta. Unaweza kuandika *Hii ndiyo habari mbaya kutoka EPRA, madereva walia*. Au unaweza kuandika *Petroli yapanda Nairobi, mafuta taa yabaki palepale*. Cha pili kimekupa habari hata usipofungua. Asiye na bando ameondoka na kitu, kama yule msee wa Tom Mboya. Lakini mwenye bodaboda atafungua, kwa sababu anataka kujua imepanda kwa shilingi ngapi, na wa Nakuru atafungua kuona ya kwake. Na kuna faida ambayo wahariri wa chambo wanaisahau: siku hiyo watu wanaandika kwenye Google "bei ya petroli leo". Hakuna binadamu anayetafuta "habari mbaya kutoka EPRA". Google yenyewe huonyesha kama herufi 60 hivi za kichwa na kukata zinazobaki, na maneno yetu ni marefu, kwa hivyo nomino yenye uzito ikae mbele. Petroli, mkate, mwanafunzi. "Hii ndiyo sababu iliyomfanya" imekwisha kula nusu ya nafasi na bado haijasema kitu.

La tatu: je, unaweza kukisoma kichwa hicho kwa sauti mbele ya mtu kinayemhusu? Si lazima akipende. Gavana aliyeiba hatapenda kuitwa mwizi, na apende asipende, liandikwe. Nauliza kama unaweza kumtazama machoni. "Mrembo akumbana na haya", mbele ya dadake marehemu, sebuleni, watu wamekaa kwenye viti vya kukodi. Jaribu.

Sisi wasomaji nasi si malaika. Chambo kinatupwa kwa sababu samaki wapo. Tunalalamika kuhusu vichwa vya ovyo huku tukivisambaza kwenye kundi la WhatsApp bila hata kufungua ndani, na mashine inahesabu. Lakini siwezi kuwawekea wasomaji mzigo wote. Kwenye kitendawili hakuna anayemlaumu aliyesema "tega". Yeye ameitikia kwa heshima, amekubali kwamba kuna asichokijua, ameutoa mji wake mbele za watu. Anayetega ndiye anayepaswa kuwa na jibu mdomoni, na likiwa halipo, anyamaze mpaka alipate.